Ufa Niliouficha kwa Ngozi ya Mbuzi

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kunionea huruma, maana nimegundua kwamba nikisimulia taratibu watu hunihurumia, na huruma hiyo siistahili. Nilimtia rafiki yangu chongo. Halafu nikamwacha aamini kwamba amejitia mwenyewe.

Jina langu silitaji. La rafiki yangu nimelibadilisha, nitamwita Boay, kwa sababu yeye ameshaaibika vya kutosha kwa ajili yangu.

Wazazi wangu ni watu wa Kilimanjaro. Baba alikuja Endabash kabla sijazaliwa, akafungua duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa, akakaa moja kwa moja. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya akina Boay, Wairaqw wenyeji. Mimi na Boay tulizaliwa mwaka mmoja, tukaanza shule siku moja, tukachapwa kwa makosa yale yale. Kiiraqw nilikijua kabla ya Kichaga, jambo lililomuudhi mama mpaka akazoea.

Baba yake Boay alikuwa fundi wa pinde. Usimfikirie mzee mpole wa kugawa hekima! Alikuwa mkali, ana kisirani, na akikufundisha kitu alikifundisha mara moja tu. Ukikosea aliuchukua mti mikononi mwako akautupa motoni, hata kama umeuchonga wiki nzima. Alitufundisha sisi wawili pamoja tulipomaliza darasa la saba. Kwa nini alikubali kumfundisha mtoto wa mwenye duka, sijui. Nadhani ni kwa sababu Boay alikataa kuanza bila mimi.

Kazi yenyewe inataka subira. Unakata mti wa mkole ulionyooka, unene kama wa kifundo cha mkono, usio na matawi. Unaumenya, unautundika juu ya jiko la kuni, unausahau huko miezi kadhaa. Moshi ndio unaoukausha. Ukiharakisha kwa jua, mti unakauka nje na kubaki mbichi ndani, na lazima utapasuka.

Ukishakauka ndipo unashika tezo. Unachonga upande wa tumbo peke yake. Upande wa mgongo, ule unaotazama mbele mtu anapovuta, huugusi, maana ukikata nyuzi zake umeua upinde. Kisha unaupinda kidogo leo, kidogo kesho, mpaka ukubali. Kamba ni kano za mgongo wa ng'ombe, unazisokota juu ya paja.

Halafu kulikuwa na sheria moja ambayo mzee aliirudia mpaka tukawa tunaiota. Upinde ukimaliza kazi unafunguliwa kamba. Ukiuacha umefungwa usiku kucha mti unachoka, na mti uliochoka huvunjika mkononi mwa mtu. Kwake yeye, anayelaza upinde na kamba yake ni mzembe, na hakuna tusi alilolijua kubwa kuliko hilo.

Boay alikuwa fundi kuliko mimi. Naliandika hili bila kinyongo, ingawa zamani lilikuwa likinikereketa. Mimi nilichonga upinde, yeye alikuwa kama anaukuta upinde ndani ya mti akauvua nguo. Watu wenye mashamba yaliyopakana na msitu walikuwa wanamfuata yeye. Mimi walikuwa wananisalimia.

Basi miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni, mji wa Karatu ukachangamka. Magari ya watalii asubuhi na jioni, makampi, maduka ya vinyago barabarani. Mwenye duka mmoja akaniambia wageni wanapenda pinde, nimletee nyingi na nimletee haraka. Akaniondoa hofu: hawazivuti, wanakwenda kuzitundika ukutani kwao.

Nikaingia kichwakichwa. Boay hakunikataza. Alisema tu kwamba yeye hana mkono wa kuchonga upinde wa uongo, akaendelea na zake mbili tatu kwa mwaka. Tulikuwa tunafanyia kazi katika kibanda kimoja, nyuma ya duka la baba, yeye pembe hii na mimi pembe ile.

Zangu nilizikausha juu ya bati. Nilichonga pande zote mbili ili ziwe laini, nikapiga msasa, nikapaka vanishi zikang'aa. Zilizopasuka sikuzitupa. Nilizizungushia ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi. Ngozi ikikauka inabana, ufa unapotea kabisa, na juu yake unashona shanga chache. Mgeni anaona urembo. Mimi najua kilichopo chini.

Mwaka mmoja baada ya zile mvua za Elinino, dereva mmoja wa utalii akaniletea mzungu mpaka kibandani. Mzungu akazitazama pinde zangu zote zinazong'aa, akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole ukutani, ulipokuwa upinde wa Boay mwenyewe, ule wa kulindia shamba, mshikio umekuwa mweusi kwa jasho la miaka. Dereva akatafsiri kwamba mgeni anataka uliotumika.

Boay alikuwa Mbulu, kwenye msiba wa shangazi yake. Ningeweza kusema si wangu. Nikauza.

Aliporudi alininunia nusu siku, kisha akacheka. Ndivyo alivyokuwa, hasira haikai. Alisema kama upinde wake umepanda ndege basi umemshinda yeye. Lakini mahindi yalikuwa yameanza kubeba na nyani walikuwa wanashuka kila asubuhi kutoka msituni. Mti aliokuwa ameutundika jikoni kwake usingekuwa tayari kabla ya mavuno. Akaniomba nimpe mmoja katika zangu.

Jamani, hapa ndipo penyewe!

Kibandani palikuwa na pinde kama ishirini. Na hakuna hata mmoja, narudia, hakuna hata mmoja uliofaa kuvutwa na mwanaume mwenye nguvu. Nilikuwa fundi wa pinde asiye na upinde. Ningemwambia hivyo angenicheka, tungekwenda kuazima kwa baba yake, ikaisha. Lakini nilimwona akilini baba yake akiniuliza, akizishika zile zangu moja moja na kuzitupa motoni. Niliona aibu. Kwa ajili ya aibu ya dakika tano nikampa mmoja uliokuwa mnene kuliko wengine, mti wake mzuri, ila ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole juu kidogo ya mshikio. Ufa huo nilikuwa nimeufunika mwenyewe wiki moja kabla.

Boay aliugonga kwa kiungo cha kidole akausikiliza. Ngozi ilimeza sauti. Akaupapasa pale palipofungwa.

"Hapa ngozi ya nini?"

"Urembo," nikasema. "Wageni wanapenda."

"Uko sawa lakini?"

"Uko sawa."

Akauchukua. Hakuuliza tena, maana kwa nini amuulize mara mbili mtu aliyekula naye sahani moja tangu utotoni?

Siku mbili ukamstahimili. Nilianza kupumua, nikajiambia kumbe nilijitisha bure. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nashusha magunia ya chumvi dukani nikasikia mayowe upande wa mashamba. Nikajua. Kabla mtu hajaniambia kitu nilijua.

Alikuwa ameuvuta wote, kumtisha nyani dume aliyekaa juu ya kichuguu. Ukakatika pale pale palipofungwa ngozi. Kipande cha juu kikarudi usoni. Walimpakia kwenye trekta, kitambaa kichwani, mke wake akimshika mabegani, na mimi nilisimama pembeni kama mpita njia.

Sikupanda trekta. Nilikwenda shambani. Nikaokota vipande vyote viwili, na kijiti kidogo kilichoruka mbali nikakitafuta mpaka nikakipata, nikavipeleka jikoni kwa mama nikavitia motoni. Nilikaa hapo mpaka shanga za mwisho zikaanguka kwenye majivu. Rafiki yangu alikuwa njiani kwenda Karatu anavuja damu, mimi nachochea moto!

Kesho yake nilikwenda hospitali. Boay alikuwa amelala, nusu ya uso imefungwa bendeji. Mke wake alikuwa miguuni. Baba yake alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Niliposogea akaniangalia akaniuliza upinde umevunjikaje. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye fundi niliyetoa upinde ule.

Ningekiri pale, leo nisingekuwa naandika. Ningetukanwa, ningepigwa fimbo, pengine baba angeuza mbuzi kulipa faini ya wazee. Ingepita. Badala yake niligeuka kitandani nikasema kwa sauti ya upole, sauti ya kumjali mgonjwa:

"Boay, juzi usiku uliufungua kamba?"

Ona nilivyofanya. Sikusema uongo. Niliuliza tu.

Boay ni mtu mkweli. Mtu mkweli ukimwuliza kitu hutafuta kweli kichwani mwake, na kichwa kile kilikuwa na maumivu na dawa. Akafikiri muda mrefu. Jicho lililobaki lilikuwa linatazama darini.

"Sikumbuki," akasema. Halafu akasema, "Labda niliuacha."

Mzee akasimama. Hakumtukana mwanawe, na heri angemtukana. Alichukua fimbo yake akatoka nje, na mpaka Boay anaruhusiwa kurudi nyumbani hakukanyaga tena wodini.

Jicho lilitolewa. Nyumbani neno likaenea kwamba mtoto wa fundi kavunja upinde kwa uzembe, kaulaza na kamba. Mke wake, ambaye mimi namwita shemeji, alimwambia mbele ya watu kwamba sasa watoto watakula uzembe wake. Boay aliwajibu wote kitu kimoja: kosa ni langu. Alikuwa akinijibia mimi bila kujua.

Na mimi nilikwenda kumtembelea! Nilimpelekea sukari, nilimpelekea sabuni, nilimkatia kuni. Kila mtu alisema jamani rafiki ndiye huyu. Shemeji alikuwa ananitaja kwa jina kwenye sala ya chakula.

Kisha likaja lile ambalo mpaka leo sipendi kulikumbuka. Mzee aliniita kwake. Alikuwa na tezo aliyoachiwa na baba yake, chuma chake kimelika kikawa chembamba kama ulimi wa kondoo. Ilikuwa ya Boay, kila mtu alijua ni ya Boay. Akanipa mimi. Akasema hawezi kuweka chombo hicho mikononi mwa mtu anayelaza upinde na kamba, na kwamba mimi, ingawa si wa damu, ndiye mwangalifu.

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Boay aliposikia hakunifokea. Alikuja kibandani, akakusanya visu vyake, akaangalia ile tezo juu ya meza yangu, akasema imepata mwenyewe. Akashusha na ule mti uliokuwa ukikauka jikoni kwake, akaukatakata kuni. Tangu siku ile hakuchonga tena. Msimu uliofuata alihamia Qurus, ukweni kwake, akawa analima mbaazi na mahindi ya watu.

Ungefikiri nilipumua alipoondoka. Hata kidogo. Nilibaki na kibanda kizima peke yangu, pembe yake imebaki tupu, na nikagundua kwamba sijui kufanya kazi bila mtu wa kumwambia hebu tazama hapa. Nilikuwa nachonga, nanyanyua kichwa niseme kitu, naona ukuta. Nikanunua redio. Haikusaidia.

Nilichumbia msichana wa Karatu, mtu mzuri, mcheshi. Akaanza kuniuliza mbona nikiwa naye ni kama nipo nje ya nyumba. Ningemwambia nini? Mtu akinisogelea sana niliogopa kwamba nitasema nikiwa usingizini. Uchumba ukafa wenyewe. Marafiki wapya sikutafuta, maana kila aliyeniita mtu mwema nilimwona anamsifu mwingine.

Miaka ikaenda, mzee akafariki. Boay alikuja kutoka Qurus kwa miguu na baiskeli, amevaa koti la kuazima. Siku ya mazishi wazee walinivuta mbele, karibu na jeneza, niwe mahali pa mtoto aliyeshika kazi ya marehemu. Mwana wa damu alisimama nyuma yangu. Katika kumwelezea marehemu, mtu mmoja akasema mzee ameondoka na donda moja tu, uzembe wa mwanawe. Watu wakaguna kwa huzuni. Nilisikia pumzi ya Boay kisogoni pangu, na sikugeuka.

Wiki chache baadaye nilifunga kibanda. Baba yangu alikuwa ameshazeeka, duka kalichukua dada. Nilitafuta mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza habari za pinde, nikaenda kufungua kiduka Piyaya, huko Ngorongoro kaskazini, kwa wafugaji. Nilijiambia Wamaasai ni watu wa mikuki na fimbo. Nilibeba ile tezo ndani ya gunia, kwa sababu sikuweza kuitupa na sikuweza kuiacha.

Piyaya upepo hauishi. Lori la bidhaa lilikuja likitaka. Kimaa, lugha yao, nilijifunza cha kuuzia majani ya chai na betri, basi. Watu walinisalimia vizuri, sopa, nikaitikia, epa, wakaenda na ng'ombe wao. Zilipita siku ambazo salamu hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu yote. Krismasi mbili nilikula peke yangu wali na maharage, nimefunga mlango ili wasinione nipo, kisha nikaona uchungu kwamba hakuna aliyegonga.

Halafu siku moja mchana akaja Saning'o, mfugaji aliyekuwa akinunua kwangu tumbaku. Mkononi alikuwa na kiupinde kidogo. Sikujua kwamba nao wanazo! Ni za kutolea damu ng'ombe, wanampiga mshipa wa shingo kwa mshale mfupi wenye kizuizi usizame sana. Chake kilikuwa kimepata ufa. Alisikia kwa dereva wa lori kwamba mimi zamani nilikuwa fundi.

Sikuwa nimeshika upinde kwa miaka. Nikakipokea, mikono ikakumbuka yenyewe, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukasema: niletee ngozi mbichi ya mbuzi, nitakizungushia hapa, hakitaonekana.

Saning'o akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya.

"Wewe unasema itafunikwa," akasema. "Sasa ile mtu atavuta, atajuaje?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua kama kuna namna ambayo sisi mafundi tunaijua. Nikamrudishia kiupinde chake. Akakipokea akasema atachonga kingine. Aliondoka nami nikakaa kwenye gunia la unga, nikalia na mlango wa duka uko wazi, saa nane mchana, wateja wakipita.

Siku ya tatu nilidandia lori. Tulipita Ngorongoro ukungu umejaa, baridi imetushika nyuma kwenye turubai, na mimi kutwa nzima nilikuwa napanga maneno. Niliposhuka Karatu nilikuwa nimeyapanga vizuri sana. Yote yalinipotea.

Boay alikuwa amerudi Endabash, kwenye nyumba ya baba yake. Nilimkuta uani anapura maharage. Nywele zimeingia mvi, zaidi ya zangu. Aliponiona alifurahi! Hilo ndilo nililokuwa sijajiandaa nalo. Alimwita shemeji alete kiti, akaniuliza habari za Umaasaini, akasema nimekonda, Wamaasai wananinyima maziwa au vipi. Aliniita ndugu yangu. Ilikuwa miaka tisa tangu upinde ule uvunjike, na alikuwa ananitania.

Nikasema. Sikukaa kwenye kiti. Nilisimama mbele yake nikasema upinde ule ulikuwa na ufa, niliufunika mwenyewe, nilijua siku nilipokupa, nikachoma vipande, nikakuuliza habari ya kamba makusudi ili udhani ni wewe. Nikatoa tezo kwenye gunia nikaiweka chini karibu na miguu yake.

Shemeji alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikirudisha ndani taratibu, chai na yote.

Boay aliendelea kushika fimbo ya kupuria. Kuku walianza kudonoa maharage na hakuna aliyewafukuza. Mwisho akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kwa hiyo niliufungua kamba?"

"Sijui," nikasema. "Lakini hata kama hukuufungua, haikuwa hiyo."

"Niliufungua," akasema. Alisema kama anayejiambia mwenyewe. "Ninaufungua siku zote. Miaka tisa nimekuwa nikilala nautafuta usiku ule kichwani, siuoni."

Nikamwambia nisamehe kwa jicho lako. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, si kwa ukali, ila ilikauka.

"Jicho acha. Kutazama mti kama umenyooka si tunafumba jicho moja? Moja lilinitosha kazi. Niliacha kwa sababu nilijiona si mtu wa kuaminiwa na kitu."

Sikuwahi kuwaza hilo. Miaka yote nilidhani nilimwondolea kazi kwa kumtia chongo. Kumbe hata na chongo angebaki na kazi yake, na kilichoiondoa ni swali langu lile la upole.

Akaiangalia tezo. Hakuigusa. Akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Mzee yuko pale," akasema. "Alikufa hajaniangalia usoni. Nenda kamwambie."

Nilidhani anasema kwa hasira tu, nikabaki nimesimama. Hakurudia. Alingoja mpaka nikaelewa kwamba anamaanisha niende.

Nikaenda. Kaburi lilikuwa limewekewa mawe pembeni, msalaba wa mbao umeinama kidogo. Nikaanza kwa kunong'ona, nikaona haya, nikasema kwa sauti. Nilimwambia mzee kwa Kiiraqw, lugha aliyonifundishia kazi, kwamba Boay hakulaza upinde na kamba. Kwamba mzembe alikuwa yule aliyepewa tezo. Nilisema mara tatu. Upepo ulikuwa unatikisa migomba. Hakuna kingine kilichotokea, na sijui nilitegemea kitokee nini.

Niliporudi uani maharage yalikuwa pale pale, tezo pale pale, mlango umefungwa. Nilibisha hodi. Shemeji akasema kutoka ndani, bila kufungua, kwamba Boay amesema safari njema.

Hakunitukana, hakunishitaki kwa wazee, hakunidai kitu. Nimerudi Piyaya. Niliandika barua mbili, hazikujibiwa. Dada yangu aliye dukani ananiambia Boay yupo, mzima, anasalimia watu. Nikimwuliza kama ameshika tena tezo anasema hajui, hajasikia mlio wa tezo upande ule. Siku hizi sina hata siri ya kunifanya niwe na kitu. Zamani nilikuwa mpweke kwa sababu naficha. Sasa nimesema, na bado nakula peke yangu.

Wewe unayesoma, siwezi kukufundisha kuwa mkweli tangu mwanzo. Hilo mimi mwenyewe lilinishinda. Nakuonya kitu kidogo tu. Usimwulize mtu swali ambalo jibu lake unalo wewe, ukamwacha alitafute katika makosa yake. Na kama ulishafanya, kama kuna mtu hapo mtaani kwenu anayebeba jina baya lililo lako, usingoje upate ujasiri, maana hauji. Angalia kama wale wanaomdharau kwa ajili yako bado wanapumua. Kama wanapumua, nenda leo, wasikie kwa masikio yao.

Mimi nilichelewa. Nilimsafisha Boay mbele ya kaburi, na kaburi halikumgeukia likamwangalia usoni.